UZI: Kazi ambayo tarehe yake haijajulikana, unaiwekaje kwenye programu ya kusimamia mradi bila kuharibu ratiba nzima?

#1 — MpangaRatiba

Wakuu, salaam.

Naomba tulijadili hili kwa kina, maana linaua ratiba nyingi kimyakimya. Kazi ipo na lazima ifanyike, ila tarehe haipo: idhini haijatoka, mzigo haujathibitishwa, mteja hajaamua. Programu nayo inataka tarehe. Msimamizi akiona seli iko tupu anahisi hajamaliza kupanga, basi anabandika tarehe yoyote. Kuanzia hapo ratiba inasema uongo.

Msimamo wangu: usiiandikie programu tarehe usiyoijua, iandikie unachokijua. Karibu kila kazi inayoitwa "haina tarehe" ina mambo yanayojulikana. Inasubiri nini? Ikianza itachukua siku ngapi? Isipite lini? Nani ana jibu? Yote manne yana mahali pake ndani ya programu, na yakiwekwa vizuri ratiba inaendelea kuhesabu sawasawa hata kama tarehe yenyewe haijapatikana.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, tenganisha aina. Kuna kazi ambayo muda wake unajulikana ila mwanzo haujulikani, mfano kufunga mitambo siku 10 wakati mitambo haijafika. Kuna ambayo mwanzo unajulikana ila muda haujulikani, kama kutafuta chanzo cha hitilafu. Kuna iliyo mikononi mwa mtu wa nje. Na kuna ambayo hata haijulikani kama itafanyika. Dawa ya moja hapo ni sumu kwa nyingine. Karibuni.

#2 — UpauWaGantt

Nianze na tarehe za kubandika. Mtu anaweka 31 Desemba ya mwaka wa mbali "ili nikumbuke kuibadilisha". Sasa angalia kinachotokea ndani. Programu inapata mwisho wa mradi kwa kutazama kazi inayoisha nyuma ya nyingine zote, na kazi ile ya kubandika ndiyo inakuwa mwisho wa mradi. Kazi nyingine zinaonekana zina nafasi ya kuchelewa ya mamia ya siku, hivyo hakuna hata moja inayowaka nyekundu. Mnyororo unaoamua mradi unaisha lini unabaki na kazi moja tu, nayo ni ya bandia. Chati ya Gantt yenyewe, ile inayochora kila kazi kama upau kwenye kalenda, ukiitazama yote kwa pamoja, upau wa siku 5 umekuwa mwembamba kama unywele.

Tarehe ya kubandika ya karibu ni mbaya zaidi kwa sababu haijitangazi. Ukiweka ya wiki mbili mbele, inafanana kabisa na za kweli. Baada ya mwezi hakuna anayekumbuka ipi ilithibitishwa na ipi ilibuniwa.

#3 — SeliTupu

Kwa hiyo bora kuiacha tupu tu?

#4 — MpangaRatiba

Inategemea programu, mkuu.

Programu za kadi kama Trello, Asana na Planner zinakubali kazi bila tarehe. Tatizo ni kwamba kazi hiyo haikai kwenye siku yoyote ya kalenda, na timu inayoishi ndani ya mwonekano wa kalenda inaisahau. Huko, kuacha tupu ni halali ila lazima kuwe na orodha au lebo yake, mfano "Inasubiri tarehe", na mtu wa kuipitia kila wiki.

Microsoft Project ni habari nyingine. Kuanzia toleo la 2010 ina namna mbili za kupanga kazi. Kwenye "Manually Scheduled" unaweza kuacha mwanzo, mwisho na muda vikiwa tupu, au ukaandika maneno kabisa kama "baada ya idhini". Kwenye "Auto Scheduled" utupu haupo: kazi mpya inapewa "1 day?" na kuwekwa siku ya kwanza ya mradi. Ile alama ya kuulizia maana yake muda ni wa kukadiria, na unaweza kuiandika mwenyewe: 5d? ni siku tano ambazo bado hazijathibitishwa. Wengi wanaifuta wakidhani ni kasoro. Iacheni, ndiyo inayotofautisha makisio na ahadi, na kuna kichujio cha kazi zenye muda wa kukadiria tu.

Namna ya kuandika kwa mkono ina mtego mkubwa: kazi haisogei. Kazi inayoitangulia ikichelewa wiki tatu, hii inabaki palepale, na onyo lake ni mstari mwekundu wa mawimbi chini ya tarehe. Kitufe cha "Respect Links" ndicho kinachoisogeza, tena unakibonyeza mwenyewe kila mara. Na ukiandika maneno kwenye seli ya tarehe, usitegemee kazi zinazofuata ziyaelewe. Programu haiwezi kuhesabu kutoka kwenye sentensi.

Kwa hiyo namna ya mkono naitumia siku za mwanzo tu, wakati wa kukusanya orodha ya kazi. Viungo vya kazi ipi inasubiri ipi vikishawekwa, kazi zote zihamie kwenye kujihesabu, yaani "Auto Scheduled". Chini kabisa ya dirisha kuna maandishi ya "New Tasks", hapo unachagua kazi mpya ziingie kwa namna ipi.

#5 — KiungoKamili

Naongezea mbinu ninayoiamini kuliko zote kwa kazi iliyo mikononi mwa mtu wa nje: tenganisha tukio na kazi.

Watu wanaandika "Kufunga mitambo" halafu wanahangaika na tarehe yake. Kufunga mitambo hakuna tatizo lolote, ni siku 10. Kisichojulikana ni siku mitambo itakapoingia mlangoni. Basi siku hiyo iwe mstari wake peke yake.

1. Ongeza mstari uitwao "TUKIO: mitambo imepokelewa". Muda wake 0. Programu itauchora kama almasi.
2. Fungua taarifa za mstari huo, kwenye kichupo cha "Advanced" chagua sharti la "Start No Earlier Than", weka tarehe ya mapema kabisa ambayo jambo hilo linaweza kutokea. Kwenye Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, sharti hilo linaitwa "Start On or After".
3. Kazi zote zinazosubiri mitambo ziungwe na almasi hiyo, mwisho-kwa-mwanzo, yaani zianze almasi ikishatokea. Zisiwe na tarehe yoyote ya kuandikwa.
4. Kwenye safu ya maelezo andika nani ana jibu na lini ataulizwa tena.

Habari mpya ikija unabadilisha tarehe moja tu, na kazi 15 zilizo nyuma yake zinajisogeza zenyewe. Mzigo ukishafika, andika tarehe halisi kwenye safu ya "Actual Finish". Usiandike tu 100%, kwa sababu programu itachukulia kwamba tukio limetokea siku ileile iliyokuwa imepangwa, na kumbukumbu yako inakuwa na kosa.

Kosa la kuchunga: ukiandika tarehe moja kwa moja kwenye safu ya "Start" ya kazi inayojihesabu, Microsoft Project inaweka sharti la "Start No Earlier Than" bila kukuuliza. Ukiandika kwenye "Finish", inaweka "Finish No Earlier Than". Ratiba iliyojaa vikalenda vidogo vya buluu kwenye safu ya alama mara nyingi imeandikwa hivyo na mtu asiyejua kwamba alikuwa anafunga kazi kwa kamba. Kazi zikiwahi kumalizika, zile zinazofuata hazirudi nyuma.

#6 — SeliTupu

Nimeelewa almasi. Ila hiyo tarehe "ya mapema kabisa" si ni kubuni kulekule?

#7 — KiungoKamili

Swali zuri. Tofauti ni kwamba ya mapema kabisa unaweza kuitetea. Ukijua meli inasafiri siku 30 na bado haijaondoka, kabla ya siku 30 haiwezekani. Huo ni ukweli, hujapiga ramli. Kisha upande wa pili unaweka mpaka wa mwisho, nao unaupata kwa kuhesabu kurudi nyuma. Tarehe hujui, lakini uwanja wake unaujua.

Tuchukue mfano kamili. Mradi lazima ukabidhiwe Ijumaa 27 Novemba 2026. Wiki ya kazi ni Jumatatu hadi Ijumaa, na tuchukulie hakuna sikukuu katikati.

Kufunga mitambo, siku 10 za kazi: lazima kuanze Jumatatu 16 Novemba.
Kusafirisha na kupokea, siku 20 za kazi: zinaisha Ijumaa 13 Novemba, kwa hiyo zinaanza Jumatatu 19 Oktoba.
Kwa hiyo idhini ya kuagiza iwe mkononi Ijumaa 16 Oktoba 2026. Hiyo ndiyo tarehe ya kwenda nayo kwenye kikao. Hutamuuliza mtoa idhini "lini itatoka?" tu, utamwambia "ikipita 16 Oktoba, tarehe ya kukabidhi inasogea siku kwa siku".

16 Oktoba unaiweka kwenye seli ya "Deadline" ya almasi ya idhini, nayo iwe na mstari wake kama ile ya mitambo. Usiiweke kama "Must Finish On". Deadline haifungi kitu: almasi ikivuka mpaka, tarehe zinasogea kama kawaida na alama nyekundu inawaka pembeni. Must Finish On inaishikilia almasi palepale, kazi za nyuma yake zinabaki zinaonekana salama, na kuchelewa kunajificha kwenye nafasi hasi (nafasi ya kuchelewa iliyo chini ya sifuri) ambayo wachache wanaifungua kuitazama.

#8 — MakisioMatatu

Kwa zile ambazo muda ndio haujulikani, msitoe namba moja. Toeni tatu: ukienda vizuri kabisa, kwa kawaida, na ukienda vibaya. Fomula ni ya zamani, imetoka kwenye PERT, njia ya kupanga na kukadiria muda wa mradi iliyobuniwa 1958 kwa ajili ya mradi wa makombora ya Polaris wa jeshi la majini la Marekani: jumlisha nzuri, mara nne ya kawaida, na mbaya, kisha gawa kwa 6.

Kwa idhini ya mfano hapo juu, tuseme 10, 15 na 44 siku za kazi. 10 + 60 + 44 = 114, ukigawa kwa 6 ni siku 19. Mtawanyiko ni tofauti ya mbaya na nzuri ukigawa kwa 6: 34 ÷ 6, karibu siku 5.7. Kwenye ratiba ninaandika 19d?, na zile namba tatu nazihifadhi kwenye safu za ziada ili zisipotee.

Maombi yapelekwe lini sasa? Ukitumia siku 19, ni Jumanne 22 Septemba. Ukitumia ile mbaya ya siku 44, ni Jumanne 18 Agosti. Kati ya tarehe hizo mbili kuna wiki tano, na wiki hizo tano ndiyo mazungumzo ya kweli ya kufanya na mwenye mradi. Anayetaja 22 Septemba peke yake ameficha hatari.

#9 — UpauWaGantt

Hapo natofautiana na mkuu kidogo. Fomula ni sawa kwa kazi moja. Watu wanapokosea ni pale kazi tatu zinapokutana mahali pamoja. Tuseme idhini tatu tofauti, kila moja ina uwezekano wa 80% kutoka kabla ya 16 Oktoba, na haziathiriani. Zote tatu kuwa tayari siku hiyo ni 0.8 × 0.8 × 0.8, yaani 51%. Karibu nusu kwa nusu, wakati kila mstari ukiutazama peke yake unaonekana salama. Chati ya Gantt haionyeshi hilo kamwe, inachukua ile inayochelewa zaidi na kuendelea.

Kwa hiyo penye makutano weka akiba ya wazi: mstari uitwao "AKIBA: idhini", siku 5 au 10, kati ya almasi zote tatu na kazi inayofuata. Usiisambaze siku moja moja ndani ya kila kazi. Akiba iliyosambazwa inaliwa bila mtu kuona.

#10 — MakisioMatatu

Nakubali kabisa hoja ya makutano. Namba tatu ni za kazi, akiba ni ya makutano. Havipingani.

#11 — FomulaNaSafu

Kwa wanaotumia Excel, kuna mitego miwili ambayo haipo kwenye programu za mradi.

Wa kwanza: seli tupu ni sifuri. Ukiwa na mwanzo kwenye B2 na muda wa siku 5 kwenye C2, halafu B2 ikawa tupu, B2+C2 inakupa tarehe ya Januari 1900. Ukiona 1900 kwenye ratiba, chanzo ndicho hicho. Andika hivi, WORKDAY ndiyo inayohesabu siku za kazi:

=IF(B2="","",WORKDAY(B2,C2-1))

Ile -1 ni kwa sababu siku ya kuanza nayo ni siku ya kazi. Kurudi nyuma kutoka mwisho ulio kwenye D2:

=IF(D2="","",WORKDAY(D2,-(C2-1)))

Jaribu na 13/11/2026 na siku 20, itakupa 19/10/2026, ileile ya mfano wa KiungoKamili. Sikukuu ziorodheshe pembeni na uzitaje kama kipengele cha tatu ndani ya WORKDAY. Kwenye baadhi ya kompyuta mkato unaotenganisha vipengele unakuwa nuktamkato, kutegemea mipangilio ya lugha.

Wa pili ni mbaya kuliko wa kwanza. Excel ikipanga kwa tarehe, seli tupu zinakwenda chini kila mara, upange kwa kupanda au kwa kushuka. Maana yake kazi zisizo na tarehe hukusanyika mstari wa 180 ambako hakuna anayeshuka kusoma. Ongeza safu ya "Hali" yenye maneno matatu tu: IMETHIBITISHWA, INAKADIRIWA, INASUBIRI. Panga kwa safu hiyo kwanza, tarehe baadaye.

#12 — FoleniMbele

Kwa timu za programu za kompyuta zinazotumia Jira na programu za mfano wake, sioni haja ya tarehe kwenye kila kazi. Kinachohitajika ni mpangilio wa foleni na kasi ya timu. Kama rekodi za wiki nane zilizopita zinaonyesha timu inamaliza kazi 4 hadi 7 kwa wiki, na kazi unayoulizwa ni ya 28 kwenye foleni, jibu ni wiki 4 hadi wiki 7. Hakuna aliyekadiria kazi moja moja.

Masharti ni mawili. Kazi ziwe za ukubwa unaokaribiana, ile kubwa ivunjwe kabla ya kuingia kwenye foleni. Na anayeruka foleni aonekane: kila kazi ya dharura inayoingizwa mbele inasukuma ya 28 kuwa ya 29, na jibu lako linabadilika siku hiyohiyo.

#13 — SeliTupu

Na zile ambazo hazijulikani kama zitafanyika kabisa? Mfano kazi ya ukarabati ambayo inategemea matokeo ya ukaguzi.

#14 — MpangaRatiba

Hizo zisiachwe hai kwenye mnyororo. Microsoft Project ya Professional ina "Inactivate": kazi inabaki kwenye orodha ikiwa na rangi ya kijivu na imekatwa mstari, ila haihesabiwi kwenye tarehe wala kwenye mzigo wa watu. Matokeo ya ukaguzi yakitaka ukarabati, unaiwasha. Baada ya kuizima au kuiwasha, tazama kazi iliyofuata nyuma yake imekaa tarehe gani. Salama zaidi ni kuunganisha ukaguzi moja kwa moja na kazi ile ya baadaye pia, ili mnyororo usikatike kazi ya katikati ikizimwa.

Kwa programu zisizo na kitufe hicho, iandike kwa muda 0 na siku zake za kweli ziweke kwenye jina: "UKARABATI ukihitajika, siku 12". Hakikisha mwenye mradi ameona tarehe za mwisho mbili, ya bila ukarabati na ya ukarabati ukiwepo. Kumpa ya kwanza pekee si haki kwake.

#15 — KiungoKamili

Jambo moja dogo ambalo linakula siku nyingi: siku za kungoja na siku za kazi. Mtu wa nje akisema "siku 30", mara nyingi anahesabu kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Ukiandika 30d, programu inaelewa siku 30 za kazi, yaani wiki sita. Umejiongezea karibu wiki mbili hewa. Andika 30ed, ile e ni ya siku zinazopita mfululizo bila kujali mapumziko. Kinyume chake kipo pia: yeye kasema siku za kazi, wewe ukaandika ed, ukajipa matumaini yasiyo na msingi. Muulize.

Na kungoja kuwe mstari wenye jina. Kuna wanaoficha kungoja ndani ya kiungo, FS+30 (mwisho-kwa-mwanzo, pamoja na siku 30 za kungoja), na chati inaonekana safi. Pengo lililo ndani ya kiungo halina jina, halina mwenyewe, halina asilimia ya maendeleo. Likirefuka hakuna ripoti itakayolitaja.

#16 — UpauWaGantt

Ongezea na hili sharti la "as late as possible", yaani kazi ianze kwa kuchelewa kadiri inavyowezekana, maana wapo wanaolitumia kwa kazi zisizo na tarehe wakidhani ni njia ya kuziahirisha kwa usalama. Microsoft Project inasukuma kazi hiyo hadi imalize nafasi yote ya mnyororo, na kama haina kazi ya nyuma yake inaenda kugota mwisho wa mradi. Ikichelewa siku moja tu, mradi umechelewa. Primavera P6 inasukuma hadi pale inapokaribia kuigusa kazi inayofuata, basi. Sharti lina jina lilelile lakini ratiba mbili tofauti. Ukihamisha faili kutoka moja kwenda nyingine, kagua hizo kwanza.

#17 — FomulaNaSafu

Swali kwa wakuu wa Project: wiki ikipita na almasi haijatokea, inabaki kwenye tarehe iliyopita. Mnaisogezaje?

#18 — KiungoKamili

Kwenye kichupo cha "Project" kuna "Update Project", humo kuna chaguo la kupanga upya kazi ambazo hazijakamilika zianze baada ya tarehe unayoitaja. Linasogeza kila kitu kilichobaki nyuma. Ila kwa kazi ambayo haijaanza kabisa linafanya hivyo kwa kubandika sharti la "Start No Earlier Than". Ukilitumia kila Ijumaa kwa mradi mzima, baada ya miezi miwili ratiba yako ina masharti mamia ambayo hukuyaandika wewe. Chagua mistari ya almasi tu, kisha kwenye dirisha hilo weka "Selected tasks". Almasi tayari ina sharti hilo, kwa hiyo hakuna uchafu unaoongezeka, na zilizo nyuma yake zinasogea kwa viungo.

#19 — MpangaRatiba

Hapo umemaliza sehemu kubwa. Naweka safu ninazoona zinatosha, kwa anayetaka kuzijenga leo.

Kwenye Microsoft Project nenda "Custom Fields", chukua Flag1 uiite "Haijathibitishwa", Text1 uiite "Mwenye jibu", Date1 uiite "Kuuliza tena". Kisha kwenye "Bar Styles" ongeza mstari mpya wa upau na kwenye sehemu ya kazi zinazohusika andika Flag1: kila kazi yenye alama hiyo itachorwa kwa rangi yake, na anayetazama chati iliyochapishwa ataona bila kuambiwa kipi ni ahadi na kipi ni makisio. Tengeneza kichujio kinacholeta kazi zenye Flag1 = Yes na Date1 iliyofika au kupita leo.

Safu ya "Kuuliza tena" ndiyo isiyoruhusiwa kuwa tupu. Kazi inaweza kukosa mwanzo, ikakosa muda, lakini siku ya kumpigia simu mwenye jibu unaichagua wewe mwenyewe. Kwa jambo lenye mpaka wa miezi miwili, wiki mbili mbili zinatosha. Mpaka ukibaki na wiki tatu, uliza kila baada ya siku tatu.

#20 — SeliTupu

Nimejaribu kwenye faili la mfano: almasi 4, kila moja na Deadline yake, kazi 22 nyuma yake hazina sharti hata moja. Nikisogeza almasi ya kwanza wiki moja, kazi 9 zinasogea na alama nyekundu moja inawaka. Ila kazi mbili hazikusogea kabisa.

#21 — KiungoKamili

Angalia safu ya "Task Mode" ya hizo mbili. Ukiona pini, ziliingia kwa namna ya mkono. Zibadilishe ziwe za kujihesabu, kisha fungua sharti lake uhakikishe ni "As Soon As Possible", maana zikibadilishwa zinaweza kubeba tarehe ya zamani kama sharti.

#22 — SeliTupu

Zilikuwa na pini zote mbili. Sasa zinasogea 11.